Maswali ya Wasomaji: Mchango wa SHA, Kitambulisho na Kidole Gumba

Tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ichukue nafasi ya NHIF, mfuko wa awali wa bima ya afya nchini Kenya, tarehe 1 Oktoba 2024, barua za wasomaji kuhusu bima ya afya hazijakatika. Tumechagua tatu. Wa kwanza na wa tatu wanauliza habari za pesa, wa pili anauliza habari za jina lake kutumiwa, lakini kwa maoni yangu wote watatu wanauliza jambo moja, kwa kuwa katika bima ya sasa nambari ya kitambulisho na alama ya kidole ndizo zinazofungua mfuko wa malipo.

SWALI: Ninauza mboga katika soko la Kongowea, Mombasa. Kijana mmoja alipita vibandani akisema kwamba kwa shilingi 200 angetusajili SHA na kutujibia yale maswali ya hali ya maisha ili mchango uwe mdogo. Alipiga picha kitambulisho changu mbele na nyuma, kisha akaniambia nimsomee nambari iliyoingia kwenye simu yangu. Sasa natakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, na ni mkubwa kuliko wa jirani yangu ambaye tunauza bidhaa zile zile. Nifanye nini? *Mama wa watoto wanne*

JIBU: Pole sana, mama. Tuanze na lile lisiloweza kungoja. Piga *147#, au nenda na kitambulisho chako katika zahanati ya serikali iliyo karibu, uhakikishe kwamba nambari ya simu iliyoandikwa katika usajili wako ni yako wewe na si ya kijana huyo. Ikiwa ni yake, basi kila nambari ya siri itakayotumwa kwa jina lako itaingia katika simu yake. Angalia pia majina yaliyoorodheshwa kuwa watu wa nyumba yako, na ubadilishe nambari ya siri ya M-Pesa leo hii kabla hujafunga kibanda. Usajili ni bure. Hakuna shilingi 200 wala shilingi 20 inayodaiwa.

Kuhusu kiasi, sheria inasema mchango ni asilimia 2.75 ya mapato, na hakuna kaya inayochanga chini ya shilingi 300 kwa mwezi, yaani shilingi 3,600 kwa mwaka. Kwa kuwa wewe huna hati ya mshahara, mapato yako yanakadiriwa kwa maswali kuhusu nyumba unamoishi: kuta zake, paa lake, choo, kuni au gesi unayopikia, na mengineyo ya namna hiyo. Ndiyo maana wewe na jirani yako mnaweza kuuza sukuma wiki ya shamba moja na bado mkadaiwa viwango tofauti, kwa sababu kinachopimwa ni nyumba wala si kibanda. Katika kisa chako, hata hivyo, aliyejibu maswali ni mtu ambaye hajawahi kukanyaga kwako. Omba upimwe upya, na safari hii ujibu kwa kinywa chako mwenyewe na kwa ukweli, maana majibu ya uongo yatabaki katika rekodi kwa jina lako hata baada ya yule kijana kuhama soko.

Malipo ya mkupuo ni mzigo kweli kwa mtu anayehesabu faida yake kila jioni. Upo mpango wa serikali uitwao Lipa SHA Pole Pole, unaoruhusu kulipa kidogo kidogo. Kabla ya kuukubali, uliza waziwazi kama ni mkopo na utarudisha jumla ya kiasi gani. Njia ninayoipendelea mimi ni chama, yaani kikundi cha kuweka akiba pamoja. Anayedaiwa kiwango cha chini kabisa akiweka shilingi 70 kila wiki atakuwa na shilingi 3,640 mwaka ukiisha, bila riba na bila kumpa mtu kitambulisho chake.

Na jambo ambalo wengi hawajaambiwa: zahanati na vituo vya afya vya kiwango cha 2 na cha 3 vilivyo na mkataba na SHA hugharamiwa na hazina tofauti, ya afya ya msingi, na huko kinachotakiwa ni kuwa umesajiliwa tu, hata kama mchango hujamaliza. Mtoto akiamka na kikohozi, anzia huko. Mchango uliolipwa hudaiwa unapofika hospitali za kiwango cha 4 kwenda juu.

SWALI: Nilikwenda kliniki moja ya kibinafsi kupimwa malaria. Mhudumu aliniwekesha kidole gumba kwenye kimashine. Kikakataa kwa sababu mikono ilikuwa na majimaji ya nyanya, nikajifuta kwa leso, nikaweka tena na tena. Nilipewa dawa nikaenda zangu. Miezi miwili baadaye, katika hospitali nyingine, niliambiwa rekodi inaonyesha kwamba nililazwa siku nne katika kliniki ile. Sijalala hospitalini tangu nijifungue. *Msomaji, Kilifi*

JIBU: Dada, umefanya vyema kutolinyamazia jambo hili. Siku nne ambazo hukulazwa zimedaiwa kwa jina lako, na kwa kuwa baadhi ya manufaa ya bima yana kikomo kwa kila kaya kwa mwaka, siku hizo zinaweza kukosekana utakapozihitaji. Ubaya mwingine ni wa kitabibu: daktari atakayesoma rekodi hiyo atadhani uliwahi kuugua ugonjwa ambao hukuugua. Mchezo huu unajulikana, na mnamo Agosti 2025 serikali ilitangaza kusimamisha vituo kadhaa vya afya kwa tuhuma za madai ya uongo.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kujua ni maelezo gani yamehifadhiwa kukuhusu, na ya kutaka yaliyo ya uongo yarekebishwe. Iandikie kliniki barua fupi ukiomba nakala ya kila dai lililowasilishwa kwa jina lako, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kwa kanuni za mwaka 2021 wanapaswa kukujibu ndani ya siku 7. Peleka nakala ya pili SHA. Wakinyamaza au wakikutisha, wasilisha malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo sheria inaitaka ikamilishe uchunguzi ndani ya siku 90 na ambayo ina uwezo wa kuamuru ulipwe fidia.

Siku nyingine, kabla kidole hakijagusa kimashine, uliza: "Hapa nathibitisha nini?" Mhudumu mwaminifu atakugeuzia skrini uone. Kikikataa mara ya kwanza, uliza tena kabla ya mara ya pili, maana kila alama ya kidole inaweza kuwa idhini ya jambo jingine.

SWALI: Mshahara wangu ni shilingi 60,000. Makato ya bima yamepanda, na bado nina bima ya kampuni binafsi ambayo ada yake itaongezeka nikitaja shinikizo la damu. Mwajiri naye anataka kujua kila ninachougua. *Karani, Nakuru*

JIBU: Bwana Karani, tupige hesabu kwanza. NHIF ilikukata shilingi 1,300, na nafuu ya kodi ya asilimia 15 ilikurudishia 195, ukabaki na gharama ya 1,105. Sasa unakatwa 1,650, lakini tangu tarehe 27 Desemba 2024 kiasi hicho huondolewa kwenye mshahara kabla ya kodi kukokotolewa. Kwa kiwango chako cha asilimia 30 unaokoa 495, na gharama halisi ni 1,155. Tofauti ni shilingi 50. Ikiwa hati yako ya mshahara haionyeshi hivyo, muone mhasibu wenu. (Wenye mishahara mikubwa ndio waliolemewa hasa, kwa kuwa mchango wa sasa hauna ukomo wa juu.)

Kampuni ya bima usiifiche shinikizo la damu. Ikiuliza, ina haki ya kujua, na ikigundua baadaye kwamba ulificha inaweza kukataa dai lako ukiwa tayari umelazwa. Linganisha kampuni tatu kwa kuuliza muda wa kusubiri kabla ugonjwa uliokuwa nao ulipojiunga haujaanza kugharamiwa na kiasi utakachochangia kila unapomuona daktari. Ada ndogo mara nyingi imefidiwa hapo.

Mwajiri ni suala jingine. Ili upewe likizo ya ugonjwa, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka cheti kilichotiwa saini na daktari kuthibitisha kwamba huwezi kufanya kazi. Mwombe daktari aandike hilo na idadi ya siku za mapumziko, bila jina la ugonjwa, kisha ukabidhi cheti hicho katika bahasha iliyofungwa.