Kuhusu zile barua za Lee kwa Stuart

Mwanangu,

Swali lako la Jumapili nimekaa nalo siku tatu. Umesema ulitembezwa Gettysburg huko Pennsylvania, mtembezaji akawaambia Kusini walipigwa pale, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kwa sababu Jeb Stuart, mkuu wa wapanda farasi, alimkaidi jenerali wake Robert Lee akaenda zake kutafuta sifa, nawe ukaniuliza, baba, alikaidi kweli au amri yenyewe ndo ilikuwa mbovu? Unajua mimi jeshini nilikuwa mtu wa redio, kazi yangu yote ilikuwa kupokea na kutuma maneno ya wakubwa, kwa hiyo hili swali limenigusa.

Kuna barua mbili, ya tarehe 22 na ya 23 Juni 1863. Ya kwanza haina shida kubwa, Lee anamwambia Stuart kwamba adui akionekana anakwenda kaskazini na brigedi mbili zikitosha kulinda milima na nyuma yako, chukua tatu uingie Maryland, ukae upande wa kulia wa jenerali mwenzetu Ewell, umlinde ubavu na umpe habari za adui. Sawa. Sasa ile ya pili, imeandikwa saa kumi na moja jioni, hiyo ndo nimeisoma hadi kichwa kikauma. Inasema jeshi la Hooker, jenerali wa Kaskazini, likitulia unaweza kuacha brigedi mbili ukaondoka na tatu, LAKINI ikionekana haendi kaskazini basi ni bora urudi huku upande wetu wa mlima uvuke mto Potomac pale Shepherdstown. Hivi mtu aliyetulia na mtu asiyekwenda kaskazini wana tofauti gani? Halafu hapo hapo anaongeza, ila utaamua mwenyewe kama unaweza kulizunguka jeshi lao bila kizuizi na kuvuka mto upande wa mashariki. Redioni ujumbe wa namna hiyo ukinifikia naurudisha, naomba ufafanuzi, siondoki.

Stuart hakurudisha. Na mwanangu lazima ujue alikuwa na hali gani siku hizo, tarehe 9 Juni alivamiwa ghafla Brandy Station asubuhi na mapema, magazeti ya Richmond, mji mkuu wa Kusini, yakamsema vibaya, na mwaka mmoja kabla alikuwa amelizunguka jeshi zima la McClellan, jenerali mwingine wa Kaskazini, akasifiwa sana. Mtu mwenye kidonda kama hicho ukimwandikia "utaamua mwenyewe" unajua atachagua njia ipi. Saa saba usiku kuamkia tarehe 25 akaondoka Salem na brigedi zake tatu, na siku hiyo hiyo pale Haymarket akakuta njia imejaa kikosi cha adui, cha jenerali Hancock, kinapita. Hapo ndo pa kugeuka! Barua imesema bila kizuizi, na kizuizi hicho hapo anakiona kwa macho. Yeye akazunguka mbali zaidi, akavuka Potomac usiku wa tarehe 27, kesho yake Rockville akateka magari 125 ya kukokotwa na nyumbu yamejaa chakula, na akaamua kwenda nayo. Tarehe 30 akapigana Hanover huku anayalinda hayo magari, na kutoka hapo mpaka Gettysburg ni kilomita ishirini na kitu tu. Hakujua wenzake wako wapi, akapanda hadi Carlisle, akamfikia Lee tarehe 2 Julai mchana, vita siku ya pili.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, njia hakukaidi, njia aliruhusiwa kwa maandishi. Alichoshindwa ni kazi. Barua zote mbili zinaishia palepale, ukishavuka mto mtafute Ewell kulia kwake na ukusanye habari, hapo hakuna utata hata kidogo, ila aliuona mzigo wa nyumbu bora kuliko habari. Na Lee naye simwachii, alikuwa ameachiwa brigedi mbili, ya Robertson na ya Jones, ni wapanda farasi wale wale, akakaa bila kuwatuma, mpaka habari kwamba adui ameshavuka Potomac ikaletwa na mpelelezi usiku wa tarehe 28.

Wengine humu nyumbani wananiuliza mbona unawahurumia watu waliopigania utumwa. Siwahurumii. Jeshi hilo hilo la Lee lilipoingia Pennsylvania lilikamata watu weusi, hata waliozaliwa huru, likawapeleka Kusini, na nashukuru lilishindwa. Ninachokisoma mimi ni zile barua.

Ukipata tena likizo upite Hanover, unipigie picha barabara inayotoka pale kwenda Gettysburg. Nataka kuona jinsi palivyo karibu.

Baba yako