Mnyororo Umeufunga Wapi?

Safu hii inajibu maswali ya wasomaji kuhusu trekta na kazi zake. Safari hii barua tatu zimetoka Nyanda za Juu Kusini, na zote zinahusu visiki na magogo.

Shikamoo mzee. Nina ekari tatu hapa Njombe. Nilivuna milingoti mwaka juzi, sasa nataka kupanda parachichi. Shemeji ameniazima Massey yake ya farasi 75, ina plau ya diski tatu na mnyororo. Visiki vingine vimetoka, vingine vimegoma. Dereva anasema mnyororo tukiufunga juu zaidi, pale kwenye top linki, kile chuma cha juu cha kushikia plau, trekta itapata nguvu. Ni kweli? Na ninunue kifaa gani cha kung'olea visiki haraka?
*Msomaji, Njombe*

Marahaba, mwanangu. Kabla hujaendelea kusoma, mpigie simu dereva wako umwambie mnyororo asiufunge kwenye top linki. Asiufunge hata kwa kisiki kidogo.

Anachosema kina chembe ya ukweli, na hiyo chembe ndiyo inayoua. Ukifunga juu, uzito wa trekta unahamia kwenye matairi ya nyuma, yanakamata ardhi vizuri, unahisi nguvu imeongezeka. Lakini uzito huo umetoka mbele. Kisiki kikigoma na matairi yasipoteleza, injini inaendelea kusukuma ekseli. Na kwa kuwa matairi hayawezi kuzunguka, kinachozunguka ni mwili wa trekta. Pua inapaa, usukani unakuja kifuani. Tangu pua inyanyuke hadi trekta imlalie dereva, sekunde mbili hazifiki. Mguu hauwahi klachi.

Mwaka 1994 nilikuwa dereva kwenye shamba la miti huko Mufindi. Mwenzangu, tulioanza kazi siku moja, alifunga mnyororo juu ya ekseli kwa sababu kisiki cha kwanza kilitoka hivyo, na cha pili, na cha tatu. Cha nne hakikutoka. Trekta ile haikuwa na fremu ya kinga, vile vyuma vinavyomlinda dereva trekta ikipinduka. Watu walikuwa wameikata ili ipite chini ya matawi. Tulimtoa kwa kutumia trekta nyingine, tukamzika Jumamosi. Tangu siku hiyo, nikiona mnyororo kwenye trekta, macho yangu yanatafuta kwanza umefungwa wapi, hata kama trekta si yangu na dereva simjui. Nimewahi kushuka kwenye basi karibu na Makambako kwa ajili hiyo tu.

Funga kwenye kile chuma cha kuvutia tela, chini kabisa, kisizidi nusu mita kutoka ardhini. Hapo mara nyingi matairi yatateleza kabla pua haijapaa, na tairi likiteleza limeshakuonya: achia, shuka, chimba zaidi. Weka gia nzito, kaza mnyororo polepole mpaka unyooke, ndipo uongeze mafuta. Ukivuta kwa kushtukiza, pua inaweza kupaa hata kama umefunga chini. Na hiyo Massey ya shemeji kama ina fremu, msiikate, na dereva afunge mkanda. Uswidi waliifanya fremu kuwa lazima kwa trekta mpya mwaka 1959. Sisi mpaka leo kuna mafundi wanaolipwa kuzikata.

Kuhusu kifaa, mwanangu, usinunue chochote bado. Tupige hesabu kwanza. Milingoti iliyopandwa kwa mita 3 kwa 3 huacha visiki kama 450 kwa ekari moja, kwa hiyo ekari zako tatu zina visiki kama 1,350. Parachichi ukizipanda mita 7 kwa 7 zinahitaji mashimo kama 80 kwa ekari, yaani 240 kwa shamba zima. Kwa nini uchome dizeli ya visiki 1,350 kwa ajili ya mashimo 240? Anza na kamba na vijiti: pima mistari, weka alama za mashimo yote, ukiyasogeza yakae katikati ya visiki kila inapowezekana. Halafu ng'oa kile kilicho ndani ya mita mbili kutoka shimo. Utakuta ni kimoja au viwili kwa kila shimo.

Hivyo vya karibu lazima vitoke, usivionee uvivu. Kuna kuvu wa mizizi anayeishi kwenye mizizi iliyokufa na kuhamia kwenye mmea mpya. Wakulima wa chai wanamjua, na hushambulia parachichi pia. Ndiyo maana wenye mashamba ya chai huwa wanaubambua mti gome pande zote kabla ya kuukata, ufe taratibu huku mizizi ikiisha chakula chake. Kama jirani yako bado ana miti iliyosimama, mwambie hilo. Mwambie pia akikata miti midogo anayotaka kuing'oa aache shina la mita moja au moja na nusu. Ule urefu ni mtaimbo wa bure. Kisiki kilichokatwa sawa na ardhi hakina pa kushikwa.

Kwako ambako vimeshakatwa chini, kodi ripa ya jino moja, chuma cha kuchana udongo kinachofungwa nyuma ya trekta. Pitisha pande nne za kisiki, umbali wa mita moja hivi, jino likate mizizi ya pembeni. Halafu kwa sururu na shoka, fukua udongo upande mmoja mpaka uone mizizi minene, ikate, ndipo uvute kuelekea upande ambao bado una mizizi ili kisiki kipinduke. Kisiki ulichokigombania nusu siku kitatoka kwa dakika chache. Vilivyobaki katikati ya mistari, vibambue gome mpaka chini ya usawa wa udongo na ukate machipukizi kila yanapotokea, maana mlingoti hauchoki kuchipua. Plau yako ya diski haitavunjika kwa visiki hivyo, diski hupanda juu yake na kuteremka. Ila usiazime plau ya majembe kwa shamba hilo.

Mzee wangu, shikamoo. Mimi na kaka yangu tunavuta magogo ya misindano kutoka bondeni kwa trekta ya kukodi, hapa Mufindi. Tumepata hela kidogo. Tununue koleo la kufunga kwenye mikono ya haidroliki au winchi? Koleo ni rahisi kwa bei.
*Vijana wawili, Mufindi*

Marahaba. Ningekuwa na shamba tambarare ningenunua koleo kesho. Linanyanyua kichwa cha gogo, mkia ndio unaburuzwa, na gogo lililonyanyuliwa kichwa halichimbi udongo wala halichukui mawe yatakayoharibu msumeno kiwandani. Lakini ninyi mmesema bondeni.

Gogo la mita 4 lenye kipenyo cha sentimita 40 ni nusu ya mita ya ujazo. Msindano mbichi unakaribia tani moja kwa mita ya ujazo, kwa hiyo hapo mna karibu nusu tani. Likiwa na sentimita 60, mmepita tani. Ili koleo lilishike, trekta lazima iteremke mpaka lilipo gogo, kisha ipande na uzito wote huo nyuma, matairi ya mbele yakigusa ardhi kwa mbali. Udongo mwekundu wa Mufindi mwezi wa Januari mnaujua wenyewe.

Winchi inaifanya trekta ibaki mgongoni mwa kilima. Kwa trekta ya farasi 75, winchi ya tani 5 inatosha, inazungushwa na shafti ya nyuma ya mizunguko 540 kwa dakika. Bamba lake mnalishusha lichomeke ardhini, na kinachosafiri kwenda bondeni ni waya tu, mita 50 au zaidi. Mkikosa nguvu, ongezeni kapi: waya unapita kwenye kapi lililofungwa kwenye gogo na kurudi kufungwa kwenye kisiki imara huko juu. Nguvu inakuwa kama mara mbili, mwendo unapungua nusu. Kama hela haijatimia, subirini msimu mmoja, msinunue koleo kwa sababu ya bei.

Mambo mawili nawaomba kama baba. Waya ukiwa umekaza, mtu asisimame kwenye mstari wake wala ndani ya kona unapopita kwenye kapi. Ukikatika unarudi kama mjeledi. Na njia ya kuburuzia msiipitishe kwenye vinyungu vya watu, yale mashamba ya bondeni ya kiangazi, wala karibu na mto. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60, na bila sheria pia mnajua wanawake wanaolima pale bondeni kiangazi wanategemea maji yale. Tandikeni matawi kwenye njia, mvua isiigeuze kuwa korongo.

Mheshimiwa mwandishi, magogo yangu yako barabarani tayari lakini kupakia kwenye tela ninahitaji wanaume sita, na wawili wameshaumia vidole. Kreni sina. Nifanyeje?
*Mama mkulima, Makete*

Pole sana, mama, na uwape pole vijana. Kwa kazi hiyo trekta inatosha, na kamba mbili ndefu. Zuia matairi ya tela kwa mawe. Egemeza nguzo mbili nene kutoka ardhini hadi ukingoni mwa tela, ziwe na mteremko mrefu, na uzifunge zisiteleze. Funga kila kamba kwenye tela, upande ule ule wa nguzo, ipitishe chini ya gogo, irudi juu yake na kuvuka tela hadi upande wa pili iliko trekta. Trekta ikisogea polepole, gogo linajiviringisha kupanda nguzo lenyewe, na kwa kuwa linaviringika ndani ya kamba, nguvu inayohitajika ni nusu ya ile ya kulivuta.

Kamba zote mbili zivutwe sawasawa, la sivyo gogo linakwenda upande. Magogo manene yatangulie chini. Na wakati gogo linapanda, upande wa nguzo ubaki bila mtu hata mmoja. Anayempa dereva ishara asimame mbele ya tela, mahali anapoonekana.