Jibu: Mapishi ya Kambodia, uanzie wapi?

Ndugu, umeuliza uanze na chakula gani cha Kambodia, na kama ukikosa prahok, yaani samaki waliochachushwa kwa chumvi, uache tu. Usiache! Anza na amok, samaki wa tui anayepikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba.

Kazi yote iko kwenye kroeung, yaani viungo vya kutwanga: mchaichai mwingi (ile sehemu nyeupe ya chini, uikate vipande vyembamba kwanza), khulanjani (mzizi unaofanana na tangawizi), manjano mabichi, kitunguu saumu, vitunguu vidogo vyekundu na ganda la ndimu. Twanga kwenye kinu mpaka vilainike kabisa. Blenda huacha nyuzi za mchaichai, na zinakera mdomoni. Kaanga kidogo kwa tui zito, epua, acha ipoe, kisha changanya na yai, sosi ya samaki, sukari kidogo na minofu. Kambare anafaa sana, maana wenyewe hutumia samaki wa maji baridi wa ziwa Tonle Sap na mto Mekong. Mvuke nusu saa hivi, hadi ishike.

Prahok itafute baadaye kwa ajili ya supu ya samlor korko. Harufu yake kali, lakini bila hiyo supu ile inapwaya.