Kumsomesha mfungwa si kumdekeza
Hapana kaka, unaposema wafungwa kusomeshwa ni "kudekezwa", sikubaliani nawe. Wengi walioko gereza la Isanga, hapa Dodoma, watamaliza vifungo na kurudi Chang'ombe, Bahi, Kongwa, tuishi nao. Brazili, kwa sheria ya 2011, kila saa 12 za masomo humpunguzia mfungwa siku 1 ya kifungo. Kenya wapo waliosomea shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha London wakiwa gerezani! Kwangu mimi kikubwa zaidi ni ushauri nasaha. Useremala utampa mtu unga, lakini hasira iliyomfikisha jela, au pombe, anatoka nayo vilevile kama hakuna aliyekaa naye wakaongea. Wabunge tunao hapahapa mjini, tuwabane watenge fedha za washauri magerezani.