Kisanduku cha Simu Ukutani: Mambo ya Kujua Kabla ya Kukifungua

Vijana mnaoanza ufundi wa simu za mezani jijini Dar es Salaam mtavikuta, hasa katika nyumba za zamani za Upanga na Oysterbay, visanduku vya plastiki vilivyofungwa ukutani chini ya paa, vingine vikiwa vimepakwa rangi pamoja na ukuta mpaka mfuniko umegandamana. Laini ya mteja ikisumbua, wengi hukiruka kisanduku hicho na kukimbilia kung'oa soketi za sebuleni. Huko ni kupoteza muda, kwa kuwa kisanduku ndicho mpaka: waya unaotoka kwenye nguzo na kuishia hapo ni wa kampuni ya simu, na nyaya zinazoingia ndani ni za mwenye nyumba.

Ndani yake kwa kawaida mtaona jozi moja ya nyaya nyembamba za shaba kutoka nje, iliyokazwa kwa skrubu au kubanwa kwenye meno ya chuma, na kando yake jozi moja au zaidi zinazokwenda vyumbani. Chomoeni kwanza jozi za vyumbani, kisha geuzeni multimita (kifaa cha kupimia umeme) kwenye DC, yaani umeme wa mkondo mmoja, mpime jozi ya nje peke yake. Laini isiyo na hitilafu ambayo simu yake haijanyanyuliwa huonyesha takriban volti 48, na simu iliyoungwa kwenye laini ikinyanyuliwa kipimo hushuka hadi volti chache tu. Anayepima bila kuchomoa za ndani hajapima kitu, maana soketi moja iliyolowa jikoni inaweza kuangusha volti za laini yote, na fundi akabaki kuilaumu nguzo. Hata hivyo msiridhike na namba pekee: kiungo kilicholegea huweza kupitisha volti 48 kamili wakati hakuna simu inayotumika, halafu kikashindwa mara tu mkondo unapohitajika. Ndiyo maana mimi husisitiza kubeba simu ya mezani ya bei rahisi, isiyohitaji umeme wa ukutani, muiunge hapo hapo kwenye kisanduku na kusikiliza. Mlio ukiwa safi, tatizo liko ndani. Ukiwa na mkwaruzo au usipokuwepo, liko upande wa kampuni, na taarifa mtakayowapa iseme wazi kwamba mlipima nyaya za nyumba zikiwa zimechomolewa.

Adui mkubwa wa shaba katika mji wetu ni hewa ya pwani. Chumvi na unyevu huacha unga wa kijani kwenye ncha za waya, na mvua za masika zikianza, simu iliyokuwa nzima hukwaruza kila kunapolowa. Kuupangusa unga huo kwa kidole hakusaidii. Kateni waya nyuma mpaka shaba ing'ae, ndipo mkaze upya. Waya uingie kwa chini ya kisanduku, nao uachwe ulegee kidogo kabla ya tundu ili maji yadondoke badala ya kuufuata ndani. Sisimizi pia hupenda kuzaliana humo, basi zibeni matundu yasiyotumika.

Volti 48 hazitishi sana, lakini simu inapoita hupita umeme wa AC, yaani wa mkondo geu, unaoweza kufika volti 90, na huo unatosha kumshtua mtu aliye juu ya ngazi. Kazi hii haifanywi wakati wa radi. Waya wa ethi, unaopeleka umeme wa hatari ardhini, mkiukuta umefungwa kwenye kisanduku msiuondoe, hata kama hauonekani kuwa na kazi.

Mtakaojifunza kwa video za Marekani mtaonyeshwa tundu la majaribio ndani ya kisanduku, ambalo ukichomeka simu hapo nyaya za nyumba hujitenga zenyewe. Visanduku vingi vya zamani hapa kwetu havina, ndiyo sababu ya kuchomoa nyaya kwa mkono. Rangi nazo msizitegemee: utaratibu wa kawaida ni nyeupe na bluu kwa jozi ya kwanza, nyeupe na chungwa kwa ya pili, ila fundi aliyetangulia huenda alitumia waya wowote aliokuwa nao mfukoni.

Mkikuta kisanduku chenye kebo nyembamba na kiungio cha kijani, hiyo ni faiba, yaani waya wa kioo unaopitisha mwanga badala ya umeme, na multimita haina kazi. Msichungulie ncha yake, kwani mwanga unaopita humo hauonekani kwa macho lakini unaweza kuyadhuru, wala msiiguse kwa kidole. Ifunikeni kwa kofia yake mara inapochomolewa.