Ziwa Halina Bamvua

Wiki mbili zilizopita nilipokea ujumbe wa kijana mmoja aliyehamia Dodoma pamoja na wizara yake. Anaandika hadithi fupi, na kabla ya kuhama alikuwa akimaliza moja kila mwezi, usiku, baada ya kutoka kazini. "Dada," ameniandikia, "tangu nifike huku ni miezi minane sijaandika hata ukurasa mmoja unaosomeka. Wewe ulitoka Tanga ukaenda Mwanza na bado unaandika. Ulifanyaje?" Nilipofika kwenye hilo "bado unaandika" nilicheka peke yangu, kwa sababu hajui kwamba mwaka wangu wa kwanza Mwanza ulipita mzima bila sentensi ambayo ningethubutu kumwonyesha mtu. Mwezi uliopita mkusanyiko wangu wa hadithi kumi na moja ulikubaliwa na mchapishaji, kwa hiyo naona sasa ninayo haki ya kusimulia, naye atanisamehe nikimjibu mbele ya watu.

Nimezaliwa na kukulia Ngamiani, barabara ya 12, lakini likizo zote za utoto wangu nilizimalizia kwa bibi, kijijini, kusini ya mji, mahali ambapo hakuna aliyeuliza ni tarehe ngapi. Waliuliza maji yakoje. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu kulikuwa na bamvua, bahari ikarudi nyuma mpaka miamba ikabaki wazi, na wanawake wakashuka na vijiti vyao kuchokoa pweza. Katikati ya hapo yalikuwa maji mafu, na watu walikaa barazani wakisuka ukili na kusengenyana. Nilijua kupwa na kujaa kabla sijajua kusoma saa. Nilipoanza kuandika, hayo ndiyo yaliyoingia kwenye hadithi zangu bila mimi kuyaita. Mume aliyetoroka alirudi, deni lililosahauliwa lilirudi, binti aliyefukuzwa alirudi akiwa na mtoto mgongoni. Wasomaji walipenda, na mimi nikaamini kwamba huo ndio ufundi wangu, kumbe ilikuwa ni bahari tu ikijiandika.

Mwaka 2021 mume wangu alihamishiwa Mwanza. Safari yenyewe siisimulii. Aliyepanda basi kutoka Tanga hadi Mwanza anaijua, na asiyepanda asiombee. Tulipata nyumba Isamilo, juu mlimani, katikati ya yale mawe makubwa ambayo mgeni hulala usiku wa kwanza akiyatazama kwa wasiwasi, na dirisha la chumba nilichokichagua kuwa cha kuandikia lilitazama ziwa. Nilijiambia kwamba Mungu ananipenda, maana nimeondolewa kwenye maji nikapelekwa kwenye maji mengine. Asubuhi ya pili niliamka mapema, nikaketi dirishani na chai yangu, nikasubiri maji yapwe. Nilikuwa nimesoma darasani kama kila mtu kwamba ziwa si bahari. Hata hivyo nilisubiri, na siku ya tatu nikasubiri tena, na ukweli ni kwamba kwa miezi mingi baadaye kuna kitu ndani yangu kiliendelea kusubiri.

Nilikuja na riwaya niliyokuwa nimeifikisha katikati, inayotokea Pangani, pale mto unapokutana na bahari. Nilikaa nayo miezi kumi na minne. Kila nilichoandika kilikuwa na maneno mazuri na hakikuwa na pumzi. Nilipowapigia simu wenzangu wa kile kikundi chetu cha waandishi kule Tanga, mmoja wao, ambaye nilikuwa nimemsahihishia miswada miwili bila kumdai hata soda, alisema kwa kicheko kwamba nimekwenda kupotelea bara. Wengine walicheka naye, na baada ya hapo simu zikapungua, kisha zikakoma. Niliumaliza mswada kwa hasira nikaupeleka kwa mchapishaji mmoja, na baada ya miezi tisa nilipata jibu la mistari mitatu lililosema kwamba lugha ni nzuri lakini msimuliaji anaonekana kukumbuka badala ya kuona. Nililia. Nilimtukana mhariri yule jikoni nikiwa peke yangu, kwa Kiswahili sanifu na kisicho sanifu. Ninaandika haya miaka kadhaa baadaye na bado nikilikumbuka lile jibu koo linanikaba, hasa kwa sababu alikuwa na haki.

Kilichonitoa pale ni dagaa. Nilikwenda Mwaloni, Kirumba, soko ambalo linafika puani kabla hujaliona, na nikamkuta mama mmoja ambaye nilikuwa nimeshanunua kwake mara mbili. Bei ya sado ilikuwa imepanda. Nilimuuliza sababu, akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini usiku kuna giza.

"Mbalamwezi, dada. Watu hawaingii ziwani."

Nikamwambia kwamba kwetu mwezi ukiwa mpevu ndipo watu wanaposhuka majini. Akasema, "Basi kwenu mnavua nini, mwezi?" Wenzake wawili wakacheka, nami nikacheka, lakini nilirudi Isamilo na lile jibu likanikalia kichwani. Dagaa wa Ziwa Viktoria huvuliwa kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni taa za sola. Mvuvi huiachia taa ielee juu ya maji, dagaa wakaifuata, wavu ukawazunguka. Mwezi uking'aa, taa haina kazi, kwa sababu dagaa wametawanyika kila mahali penye mwanga. Kwa hiyo mwezi ule ule uliokuwa ukimwamsha bibi yangu alfajiri ashike kijiti chake, huku unawalaza wanaume nyumbani siku kadhaa mfululizo, wakishona nyavu na kugombana na wake zao. Ni mwezi mmoja, nami kwa zaidi ya mwaka nilikuwa nikiusoma kinyume.

Wiki iliyofuata nilirudi na daftari. Mama yule, ambaye jina lake nalihifadhi kwa sababu hakuomba kuandikwa, aliniwekea kiganjani dagaa wawili, mmoja kutoka gunia la kushoto na mwingine kutoka gunia la kulia. Kwa macho walikuwa sawa kabisa, wembamba, rangi ya fedha iliyoanza kuchakaa. "Tafuna," alisema. Wa kwanza alivunjika kama kijiti kikavu na kuacha utamu wenye uchungu kidogo. Wa pili alilia karara baina ya meno, mchanga mtupu. Wa kwanza alikaushwa juu ya chanja, wa pili alianikwa chini. Mvua zikishika, aliniambia, hata wa chanja hawakauki vizuri, wakaoza, wakauzwa kwa bei ya kutupa kuwa chakula cha kuku. Nilisimama pale kama saa moja na nusu. Niliporudi nyumbani daftari lilikuwa na maneno ambayo sikuwahi kuyatumia katika hadithi yoyote: mwalo, chanja, furu, mapanki, mabondo. Mwalo ni pale mitumbwi inaposhusha samaki, na furu ni samaki wadogo wa asili wa ziwa hili. Mapanki ni mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kuondolewa, nayo hukaangwa ikaliwa. Mabondo ni kile kifuko cha hewa kilicho tumboni mwa sangara, ambacho husafirishwa hadi China kwa bei inayoishinda minofu yenyewe. Sangara naye ni mhamiaji kama mimi, kwani alipandikizwa ziwani miaka ya 1950, na aliwala furu mpaka aina nyingi zikatoweka. Sikukusudia kuufuata mfano wake.

Hapa ndipo ninapotaka kijana wangu wa Dodoma anisikilize vizuri. Nenda sokoni, na usiende kutafuta hadithi, kwa maana mtu anayetafuta hadithi huonekana kwa mbali na watu humpa zile walizozizoea kuwapa wageni. Nenda ukanunue, urudi kwa muuzaji yule yule, uulize kitu kinaitwaje, kisha uandike. Ukishaandika, nenda tena. Ninajua ushauri huu ni mdogo, na huenda ulitarajia nikupe ratiba au siri ya kuamka saa kumi alfajiri, lakini mimi sina nyingine. Waandishi wa siku hizi tunapenda sana kuzungumzia msukumo, na tunahudhuria semina za msukumo, ilhali hatujui mti ulio mbele ya nyumba tuliyopanga unaitwaje.

Maneno peke yake, hata hivyo, yasingenitosha. Yangenipa hadithi zile zile za kurudi, zikiwa zimevishwa nguo za Mwanza. Mzee mmoja mshona nyavu ndiye aliyenionyesha kasoro yangu bila kujua. Nilimuuliza kama ziwa hupanda na kushuka, akasema hupanda, lakini kwa hesabu yake lenyewe. Alikuwa mtoto zilipokuja mvua za miaka ya 1961 na 1962. Ziwa lilipanda, likaendelea kupanda mpaka 1964, na kwa miaka mingi halikurudi pale lilipokuwa mwanzo. "Lilikaa," alisema, na akarudi kwenye wavu wake. Mwaka 2020 lilipanda tena likaingia kwenye nyumba na maghala ya watu walio kando yake, nami nilikuwa nimeona kuta zenye alama ya maji bila kuuliza ni alama ya nini. Lilikaa. Nililiandika neno hilo peke yake kwenye ukurasa. Nilikulia mahali ambapo maji yanayokuja leo yataondoka baada ya saa sita, na sasa ninaishi mahali ambapo maji yakija, mtu huhamisha jiko.

Usiku ule nilianza hadithi ya mwanamke ambaye kila asubuhi huchomeka kijiti ufukweni na kupima kwa hatua umbali kati ya maji na mlango wa jiko lake. Hatua kumi na tisa, kumi na saba, kumi na saba, kumi na nne. Hakuna mume anayerudi humo. Niliimaliza kwa siku tisa, na ndiyo inayofungua mkusanyiko.

Baadaye nilivuka kwenda Ukerewe, saa tatu na zaidi ndani ya meli hadi Nansio, kwa sababu nilitaka kuona kisiwa cha Aniceti Kitereza. Alizaliwa mwaka 1896, akaandika riwaya yake ndefu kwa Kikerewe na kuimaliza mwaka 1945, wala hakupata wa kuichapa kwa lugha hiyo. Alipokuwa mzee akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ilitoka mwaka 1980 chini ya Tanzania Publishing House. Mwaka uliofuata alifariki. Kisiwa hicho hicho kimemzaa Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo mwaka 1944, ambaye mashairi yake huru yaligombanisha watu miaka ya sabini, na sisi wa pwani, nakiri, tulikuwa upande wa waliokasirika. Shuleni kwetu Tanga alitajwa kwa mdomo uliopinda. Niliketi Nansio nikinywa soda ya moto na kufikiria miaka 35 aliyoingoja Kitereza, kisha nikafikiria miezi yangu tisa ya kungoja na jinsi nilivyolia jikoni. Niliona aibu, ingawa si kubwa kama inavyopasa; nina tabia ya kujihurumia na siifichi.

Ukitaka ushauri wa pili, ni huu, na ninajua wengi watanipinga: usiandike juu ya nyumbani kwa mwaka mmoja. Kumbukumbu ikikaa peke yake muda mrefu huwa tamu kupita kiasi, na mwandishi mwenye njaa ya kwao huilamba tu. Riwaya yangu ya Pangani imo ndani ya sanduku, na mwaka huu nimeanza kuifungua tena. Sasa ninauona mto ule kwa jicho la mtu aliyekaa penye maji yasiyorudi, na nusu ya sura zake nimezitupa bila uchungu. Wale wenzangu wa kikundi wamesikia habari za mkusanyiko. Wawili wamenipongeza. Yule wa kupotelea bara amenyamaza, na mimi sitajifanya kwamba sijaona.

Ratiba yangu nayo imekuwa ya wavuvi. Siku za giza ninaandika kila usiku, kwa kuwa taa zao ziko pale nje na nisingependa wao wawe kazini nami nimelala. Mbalamwezi ikifika ninasoma, ninasahihisha, ninashona. Mume wangu amezoea na hupanga safari zake kwa kunitazama usoni.

Leo ni giza. Kutoka dirishani nimehesabu taa mpaka arobaini na moja, kisha upepo ukazichanganya. Mdogo wangu, katika ujumbe wako umeniambia habari za vumbi, kodi ya nyumba na upweke, lakini nilikuuliza jambo moja nilipokujibu kwa ufupi na hukulijibu: hapo mtaani kwako maji hutoka siku gani, nani huamka kwanza kukinga, na ile sauti ya bomba kabla maji hayajafika, majirani zako wanaiitaje?