Usiku mmoja Tanga: pa kwenda baada ya Magharibi

Karibu Tanga, ndugu yangu. Umeuliza ukiwa na usiku mmoja tu utazame nini, na wapi jiji linaonekana vizuri. Usitafute maghorofa marefu kama ya Dar; uzuri wetu uko majini.

Anza kwenye mnara wa saa wa enzi za Wajerumani, kisha teremka mpaka bustani ya Jamhuri, Forodhani. Kaa ukingoni, utazame Kisiwa cha Toten: kipande cheusi kabisa, na taa za meli zikitetemeka pembeni yake. Ukibahatika kuja wakati wa giza, si mbalamwezi, utaona na karabai za wavuvi wa dagaa, nuru moja moja huko mbali. Mimi nimezaliwa hapa na bado zinanisimamisha. Simu iegemeze kwenye ukuta ndipo upige picha, mkononi itatoka ukungu.

Halafu chukua bajaji hadi Ngamiani, kwenye barabara zinazoitwa kwa namba, ule mishkaki na kahawa chungu kwa kashata. Raskazone, mtaa wa ufukweni, nenda na mwenyeji, njia nyingine zina giza.